Mashine Imeacha Kusita, Mjomba

Mjomba Selemani,

Mashine imepona na wewe umekufa, na kijiji kizima kinasema mambo hayo mawili ni jambo moja. Ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia ningemwambia, lakini kila ninayemfikiria ni mmoja wao, isipokuwa mama, na mama kwa sasa siwezi kumwongezea mzigo.

Shikamoo. Nilipaswa kuanza na hiyo, najua. Nina hasira, Mjomba, na hasira yenyewe haina adabu.

Arobaini yako tumeisoma juzi. Tulichinja mbuzi wawili, wali ukapikwa, watu wakala wakashiba. Walioshiba ni wale wale walionyoosha mikono mkutanoni uondolewe kwenye mashine. Mimi ndiye niliyekuwa nawapitishia maji ya kunawa. Nilikuwa naitazama ile mikono, mmoja baada ya mwingine, nikawa namkumbuka kila mwenye mkono alikuwa amekaa wapi siku ile. Nikawamiminia maji taratibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Sasa nisikilize. Kuna jambo ulikufa unaliuliza, na jibu lake ninalo.

Unakumbuka siku mkanda wa mashine ulipokatika. Asubuhi ile tangi lilikuwa limejaa pomoni, maana Mwenyekiti alikuwa ameagiza lijazwe mpaka juu kila siku, eti mashine ya wananchi isifanye kazi na njaa. Injini ikitikisika, dizeli inaruka kidogo kidogo kupitia kile kitundu kilichopo juu ya kifuniko cha tangi. Tone likaangukia kwenye ungo wa Bi Asumini. Unamjua Bi Asumini. "Unga wangu unanuka lori! Nimpikie nani ugali wa dizeli?" Basi kila mwanamke akaunusa wa kwake, na kila mmoja akaukuta unanuka. Wewe ulicheka, ukasema utatazama. Kabla jua halijapanda mkanda ukakatika, ukadandia lori la korosho kwenda Lindi kutafuta mwingine, ukaniachia funguo.

Siku tatu ulizokuwa Lindi sikuwa na kazi. Nikafagia kibanda, nikafuta injini yote mpaka inang'aa, nikakiona kile kitundu. Hakizidi tundu linaloachwa na sindano ya kushonea magunia. Nikasema, kumbe wewe ndiye unayenigombanisha na watu. Nikaenda kule kwenye mahame yetu, tulikohamishwa, kwenye mkorosho wako mkubwa wa karibu na kisima cha zamani, nikabandua gundi iliyotoka kwenye gome. Nikailainisha kwa maji ya moto, nikakiziba kitundu, nikasawazisha kwa kidole. Ikakauka ngumu kama ukucha. Dizeli haiiyeyushi gundi ile, Mjomba, nimeshajaribu.

Sikukwambia. Sikuficha, nilisahau tu. Uliporudi tulikuwa na mkanda mpya wa kuushangaa, na wanawake walikuwa wamejipanga na mahindi yao tangu alfajiri, na mimi nilikuwa nimefurahi kwamba unga hautanuka tena.

Basi ukafunga mkanda, ukazungusha hendeli, injini ikaitika. Ikasaga vizuri, debe la kwanza likaisha. Halafu ikasita. Ule mlio wake wa tu-tu-tu-tu ukalegea, tu, tu, ukawa kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji, jiwe likapungua mwendo, unga ukakatika. Ukaruka kwenye tangi, ukafungua kifuniko, ukachungulia. "Mafuta yapo," ukasema. Ukafunga. Injini ilikuwa imeshachanganya tena. Tukacheka. Baada ya muda ule ule, ikasita tena.

Kilichokuwa kipya ni mkanda, kwa hiyo sote tuliushika mkanda. Uliuvua ukaupima kwa kamba, ukaulegeza, ukaukaza, ukaupaka nta. Ikasita. Ukafungua chujio la dizeli, ukaliosha. Ikasita. Ukamwaga dizeli yote ukitafuta maji ndani yake, ukavua bomba ukalipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikawa myeusi. Ikasita. Wewe uliyetunza injini za shamba la mkonge miaka yote ile, mzungu amelala na wewe umesimama, ukashindwa na injini ndogo ya kusagia mahindi. Nilikuwa nakushikia spana na sikusema kitu, maana sikujua kuwa nina kitu cha kusema.

Ndipo ulipotoa tasbihi. Saa huna, saa ya Mwenyekiti ilikuwa mkononi mwa Mwenyekiti. Ukakaa kwenye kigogo mbele ya injini ukaanza kuvuta punje moja moja, taratibu, kwa mwendo ule ule, ukahesabu mizunguko ya tasbihi kutoka kusita mpaka kusita. Ulinifundisha hivyo tangu nilipoanza kukushikia vyombo: "Usiguse, Somoe. Hesabu kwanza." Fundi mwingine angekuja na nyundo, wewe ulikuja na subira. Na watu waliokuwa mlangoni na ndoo zao waliona nini? Waliona mzee amekaa mbele ya mashine ya umma anaisomea.

Ilitosha hiyo. Maneno mengine yalikuwa yameshaandaliwa. Kwamba tulipohamishwa kuja huku kwenye nyumba za mstari ulisema mbele ya watu kuwa mikorosho haihami. Kwamba hukuimba siku ya kupokea mashine. Kwamba iliharibika siku uliyorudi Lindi, kwa hiyo kuna kitu ulirudi nacho. Mwenyekiti akasimama mkutanoni na sauti yake ile ya kukodi: "Ndugu wananchi, tumempa mashine yetu mtu anayeihesabia kwa tasbihi isituhudumie! Hii ni hujuma!" Watu wakaguna. Wengine walikuwa watoto wa dada yako, Mjomba. Mama yao ni mama yangu mkubwa.

Na wewe ukasema nini? Hapa ndipo ninapokukasirikia na wewe, wacha niseme. Ulisimama, ukavua kofia, ukasema, "Nipeni siku mbili nihesabu." Basi! Hayo ndiyo ya kujitetea? Mtu anaitwa mhujumu mbele ya mke wa marehemu ndugu yake, mbele ya wapwa zake, naye anaomba siku mbili za kuhesabu? Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke iwameze wote kuanzia meza ya mbele. Mikono ikanyooshwa. Wewe ukavaa kofia yako ukaenda nyumbani, na kesho yake ukapangiwa kubeba mawe ya msingi wa zahanati, wewe na kifua chako kile, wakati wa mvua.

Mimi wakaniachia mashine. "Huyu binti hana hatia, ni kijana wetu." Nikaikubali. Nilijiambia naitunzia wewe.

Kifua kilipokulaza, nilikuwa nakuletea uji mchana wakati injini inapoa. Siku mbili za mwisho ulikuwa unaniuliza kitu kimoja tu. "Somoe, tangi likijaa inasita mapema, mizunguko mitatu. Likifika nusu inachelewa, mizunguko tisa. Kwa nini ichelewe ikiwa na mafuta machache?" Nikadhani ni homa. Nikakwambia pumzika, Mjomba. Ukaniangalia, ukafumba macho, ukarudia kwa sauti ndogo: ikijaa inawahi, ikipungua inachelewa. Ulikuwa umebakiza hatua moja! Ungeniuliza tu, "Somoe, uligusa nini nilipokuwa Lindi?" Fundi yeyote duniani angemwuliza msaidizi wake kabla hajafungua boliti ya kwanza. Angenipiga kofi akaniuliza. Wewe hukuniuliza hata mara moja, kwa sababu ilikuwa haikupitii akilini kwamba naweza kugusa kitu nisikwambie.

Hilo linaniuma kuliko yote. Nimeacha hapa kidogo nikaenda kuteka maji.

Nimerudi. Nikuambie nilivyojua.

Siku ya tatu ya matanga, watani wetu wakaja. Unajua watani walivyo, hawana haya na msiba wa mtu. Mmoja akavaa kofia yako. Mwingine akadai sufuria la wali ni lake, mpaka likombolewe. Kisha akaja Bakari, yule mtani wako mliyekuwa mkitukanana kila mkionana, akajipaka majivu usoni na kujifunga kamba kiunoni kama mkanda wa mashine. Akasimama katikati ya uwanja: "Mimi ni mashine ya Selemani!" Akaanza kutikisika, tu-tu-tu-tu, mashavu yanacheza, wanawake wakaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Akalegea, tu, tu, akapinda magoti anakufa. Mara akaruka pembeni akawa wewe: anakimbia na kile kimguu chako cha kuvuta, anafungua kifuniko hewani, anachungulia kwa jicho moja, anasema, "Mafuta yapo!" Akaruka akawa mashine tena, akavuta pumzi ndefu, hhhaaa, na tu-tu-tu-tu ikaanza upya. Akalegea. Wewe ukakimbia, ukafungua. Mashine ikavuta pumzi.

Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mama mwenyewe alicheka akajifunika uso. Mimi nilikuwa nataka kumrukia Bakari nimkwaruze. Maiti ina siku tatu, na huyu anaicheza! Nikawa namtazama kwa chuki, kila alichofanya nikikitazama, na kwa sababu ya chuki hiyo ndiyo nikaona. Kila ulipofungua kifuniko, mashine ilipumua. Kila siku ilikuwa hivyo. Sote tuliona na hakuna aliyeona, isipokuwa mtani aliyekuwa anatafuta cha kukuchekea.

Na mimi, wewe ulipoondolewa, sikuwahi kufungua kifuniko, maana nilijua mafuta yapo. Ndiyo maana mikononi mwangu ilikuwa inasita kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingine ikazima kabisa. Watu wakasema ni wewe umeifunga ukiwa kitandani.

Nikatoka uwanjani. Nilikuwa nimekumbuka gundi.

Asubuhi ya pili yake nilifungua kibanda peke yangu. Nikawasha injini, nikakaa kwenye kigogo chako na tasbihi yako. Mizunguko mitatu, ikasita. Nikashika kifuniko, kilikuwa kimeng'ang'ania kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa la mama. Nilipokilegeza nikasikia upepo unaingia, fyuu. Lile tangi linatakiwa kuvuta hewa ishike nafasi ya dizeli inayotoka, na mimi niliziba pua yake. Tangi likijaa, hewa iliyo juu ni ndogo, inaisha upesi, dizeli inakataa kushuka. Likifika nusu, hewa ni nyingi, inachelewa. Ile hesabu yako ilikuwa sahihi mpaka punje ya mwisho. Nikachukua sindano ya magunia nikatoboa. Nikahesabu mizunguko ishirini, thelathini, vidole vikauma. Haikusita.

Nililia pale mpaka mafuta ya mikono yakaingia machoni.

Na sasa sikia nilichofanya, na ukinikasirikia utakuwa na haki. Wanawake walifika na mahindi, mashine ikasaga siku nzima bila kusita, wakapiga vigelegele. "Somoe ameshinda!" Nilinyamaza. Niliogopa, lakini si woga tu. Nilifurahi, Mjomba. Bi Asumini alinishika mashavu. Siku moja ile, nilikubali kusifiwa kwa kuponya ugonjwa nilioutia mwenyewe.

Jumamosi yake mkutano ukaitwa. Mwenyekiti akasimama. "Ndugu wananchi, mmeona wenyewe. Mkono wa hujuma umelala kaburini, mashine imeamka." Hakuna aliyeguna safari hii. Walitikisa vichwa kama watu waliopewa jibu la hesabu. Kumbe kwa kuitengeneza kimyakimya nimekuhukumu upya. Ulipokuwa hai walikushuku. Sasa wana hakika. Bi Asumini akaja kunikumbatia mwishoni, akaninong'oneza, "Pole mwanangu, kuwa na mjomba wa namna ile si kosa lako." Nilijitoa mikononi mwake nikaenda kufunga kibanda.

Tangu hapo mama haji mashineni. Binti yake ndiye mwenye funguo, na yeye anatwanga kwenye kinu kama zamani za njaa. Nikirudi jioni nakuta mikono ina malengelenge. Nikamwambia, mama, leta mahindi nikusagie. Akasema, "Sipeleki mahindi yangu mahali wanapomtukana kaka yangu." Anakuamini kuliko mashine, na hajui lolote. Watoto wa jirani wamebuni mchezo, mmoja anakuwa Selemani, wengine wanamfukuza. Nilimshika mmoja nikamtikisa mpaka mama yake akatoka. Sikuomba radhi, na siombi.

Basi nimechoka kunyamaza.

Kesho wageni wa wilaya wanakuja kutazama kijiji. Barabara imefagiwa, mawe yamepakwa chokaa. Mwenyekiti atamimina debe la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na amenifundisha nitakachosema mimi, nisimame nimevaa kitenge, niseme mashine ilikuwa ikihujumiwa na sasa inafanya kazi kwa umoja wetu. Amenisomesha mara tatu. Nimeitika, ndiyo ndugu Mwenyekiti.

Nimefikiria kusema tu kwa mdomo. Watasema namtetea mjomba wangu, maana neno langu ni neno la mpwa. Mashine haina mjomba. Kwa hiyo leo mchana nimekwenda tena mahame. Mkorosho wako umezaa, Mjomba, mabibo yamejaa chini na hakuna wa kuyaokota. Nimebandua gundi mpya, nimeilainisha, nimekiziba kitundu kama nilivyokiziba siku ile, kwa kidole kile kile.

Mwenyekiti atamimina. Itasaga. Mimi nitakaa kwenye kigogo chako nivute tasbihi waziwazi, sijali atakayeniona. Itakapoanza kulegea mbele ya wageni, na yeye anatafuta wa kumwita mhujumu, na wewe upo chini ya udongo siku ya arobaini na tatu, nitasimama. Nitawaambia wasikilize. Nitafungua kifuniko, wasikie upepo unavyoingia. Nitakitoboa mbele ya macho yao, nitoe gundi niiweke mkononi mwa Bi Asumini, yeye aliyepigia kelele unga wake. Nitasema jina langu kwanza, ndipo niseme la kwako. Wakitaka mhujumu, watampata amesimama hapo amevaa kitenge. Wakininyang'anya funguo, wachukue. Mawe ya zahanati bado yapo, nitabeba. Lakini mama atakuja mashineni, na wewe jina lako watalirudisha kwa mdomo ule ule walioliondolea.

Barua hii nitaiacha kwenye sanduku lako la spana, chini ya kitambaa, na kila nitakapolifungua nitajua ipo. Mwenyezi Mungu akupe nafasi huko uliko, na akupe wa kukuuliza maswali wenye subira kuliko hawa. Nisamehe, Mjomba. Naahidi kwamba tangu sasa mtu yeyote akinishikia spana, kabla sijafungua boliti nitamwuliza amegusa nini, hata kama nampenda.

Tangi nimelijaza mpaka juu, ili kesho isichelewe.

Mpwa wako,
Somoe